Afua za Mapema kwa Watoto Wachanga Walio Katika Hatari Kubwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ni mtoto yupi anayehesabiwa kuwa katika hatari kubwa?

Ni mtoto ambaye yaliyompata tumboni, wakati wa kuzaliwa au katika siku zake za mwanzo yanaongeza uwezekano wa kuchelewa kukua au kupata ulemavu, hata kama kwa macho haonekani kuwa na kasoro yoyote. Kundi kubwa zaidi ni la watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za ujauzito. Shirika la Afya Duniani na washirika wake walikadiria kwamba mwaka 2020 watoto wapatao milioni 13.4 walizaliwa njiti duniani kote. Hatari haiko sawa kwa wote: hupanda sana kwa waliozaliwa chini ya wiki 32, na zaidi kwa waliozaliwa chini ya wiki 28.

Wamo pia waliozaliwa na uzito wa chini ya gramu 1,500, waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa hadi ubongo ukaathirika, waliopata degedege katika siku za kwanza, waliovuja damu ndani ya ubongo, waliougua homa ya uti wa mgongo, waliopatwa na manjano makali, na waliozaliwa na hali kama mgongo wazi au kasoro kubwa za moyo. Wengi wa watoto hawa hukua vizuri. Kutajwa katika kundi hili kunamaanisha kwamba mtoto anastahili kufuatiliwa kwa karibu kuliko wenzake, si kwamba mambo yake yameshaamuliwa.

Afua za mapema ni kitu gani hasa?

Ni msaada wa makusudi unaotolewa tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka mitatu hivi, ili mtoto apate nafasi ya kujifunza kujongea, kula, kuwasiliana, kufikiri na kuhusiana na watu wakati ubongo wake bado unajijenga. Ndani yake kuna vipimo vya mara kwa mara, tiba ya viungo, msaada wa kunyonya na kumeza, ukaguzi wa macho na masikio, na, jambo linalosahaulika mara nyingi, msaada kwa wazazi wenyewe.

Wengi huifikiria kama safari ya kumpeleka mtoto kwa mtaalamu mara moja kwa wiki, akafanyiwa mazoezi, kisha akarudishwa nyumbani. Mtazamo huo una kasoro. Mtoto anakaa na mtaalamu chini ya saa moja, na saa zote zilizobaki za wiki yuko mikononi mwa walezi wake. Kazi kubwa ya kipindi cha kliniki ni kumwezesha mlezi, yaani aone kile ambacho mtaalamu anakiona, ajaribu mbele yake, asahihishwe, na aondoke akijua la kufanya wakati wa kumvisha, kumwogesha na kumnyonyesha.

Kwa nini tusisubiri kwanza tuone kama kweli kuna tatizo?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi huulizwa kwa sababu ndugu, jirani, hata mhudumu wa afya, amekwisha kusema kwamba kila mtoto ana mwendo wake. Kauli hiyo ni kweli kwa mtoto asiye na historia ya hatari. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006 vinaonyesha kwamba watoto wenye afya njema hukaa bila kushikwa wakati wowote kati ya miezi 4 na 9 hivi, na hutembea peke yao kati ya miezi 8 na 18, kwa hiyo pana nafasi kubwa ya kutofautiana. Kwa mtoto aliye katika hatari, kauli hiyohiyo inaweza kumgharimu miezi ambayo haitarudi.

Katika miezi ya mwanzo, njia za neva zinazounganisha ubongo na misuli hushindana: zinazotumika huimarika, na zisizotumika hufifia. Chukua mfano wa mtoto aliyeumia upande mmoja wa ubongo. Mkono wa upande wa pili wa mwili huwa mzito, naye hugundua upesi kwamba mkono mzima unamtosha. Kadiri anavyouacha ule mzito, ndivyo ubongo unavyozidi kupunguza njia zinazouhudumia, mpaka mwishowe mkono uliokuwa dhaifu unakuwa mkono uliosahauliwa. Misuli isiyofanya kazi nayo hukaza, na viungo kama nyonga vinaweza kuanza kutoka mahali pake. Madhara haya ya pili hayakuwapo siku mtoto alipozaliwa. Yamejengwa na kusubiri.

Basi pimeni gharama za pande zote mbili. Msaada ukianza mapema na baadaye ikaonekana kwamba mtoto hakuwa na tatizo, kilichotokea ni kwamba alichezeshwa na kuongeleshwa zaidi. Ukichelewa na tatizo likawa lipo, hasara haifidiki kirahisi. Kwa sababu hiyo, afua huanza kwa kuwapo kwa hatari, na hazingoji jina la ugonjwa liandikwe kwenye cheti.

Umri uliorekebishwa unahesabiwaje, na unatumika wapi?

Hesabuni wiki ambazo mtoto aliwahi kuzaliwa kabla ya wiki 40, kisha ziondoeni kwenye umri wake wa kalenda. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 28 aliwahi kwa wiki 12, yaani karibu miezi mitatu. Akifikisha miezi sita ya kalenda, umri wake uliorekebishwa ni miezi mitatu, na si haki kumlaumu kwa kutokaa. Kwa kawaida marekebisho haya hutumika mpaka mtoto afikishe miaka miwili.

Hapa kuna kosa linalojirudia, tena lina madhara: chanjo hazifuati umri uliorekebishwa. Mtoto njiti huchanjwa kwa umri wake wa kalenda, isipokuwa pale ambapo daktari ametoa maelekezo mengine kwa sababu maalumu. Kumcheleweshea chanjo kwa kuwa “bado ni mdogo” ni kumwacha bila kinga wakati anapoihitaji zaidi.

Je, kazi hii inaweza kuanza mtoto akiwa bado wodini?

Inaweza, na inapaswa. Njia iliyothibitishwa zaidi ndiyo rahisi kuliko zote: mtoto akiwa na nepi na kofia tu, hulazwa wima kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, akafungwa vizuri kwa kitambaa. Huduma hii ya kangaruu ilianzishwa mwaka 1978 mjini Bogotá, Kolombia, na daktari Edgar Rey Sanabria, wakati mashine za kutunzia joto zilikuwa chache na watoto wengi. Kilichoanza kama namna ya kukabili uhaba kimekuja kuonekana kuwa bora hata mahali ambapo mashine zipo.

Utafiti mkubwa uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kuanza kangaruu mara baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali ya mtoto itulie, kulipunguza vifo vya siku 28 za kwanza kwa takriban robo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza watoto wote njiti au wenye uzito pungufu wapewe huduma hiyo kwa saa 8 hadi 24 kwa siku, isipokuwa wale walio mahututi, kwa mfano wasioweza kupumua bila mashine. Baba, bibi au shangazi anaweza kumpokea mama apumzike.

Zaidi ya kangaruu, wodi inaweza kupunguza mwanga na kelele, kupanga huduma zifanyike kwa pamoja ili usingizi wa mtoto usikatizwe ovyo, na kumlaza mikono na miguu ikiwa imekunjwa kuelekea katikati, kama alivyokuwa tumboni. Daktari naye anaweza kuutazama ubongo kwa ultrasaundi kupitia utosini, pale ambapo mifupa ya kichwa haijafunga, bila kumchoma wala kumlaza usingizi. Ombeni kuelezwa majibu ya kipimo hicho kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, na myapate kwa maandishi.

Mtindio wa ubongo unaweza kutambuliwa mapema kiasi gani?

Mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa mijongeo na mkao unaotokana na ubongo kuumia ukiwa bado unakua, unaweza kutambuliwa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kwa miaka mingi wazazi waliambiwa wangoje mpaka mwaka mmoja au miwili. Mapitio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba kwa mtoto mwenye historia ya hatari, utambuzi unawezekana kabla ya miezi sita ya umri uliorekebishwa, kwa kuunganisha historia yake, picha ya MRI ya ubongo, uchunguzi wa neva na uangalizi wa mijongeo anayoifanya mwenyewe bila kuchochewa.

Uangalizi huo wa mijongeo, uliotokana na kazi ya daktari Heinz Prechtl wa Austria, hauhitaji kifaa chochote zaidi ya kamera na jicho lililofunzwa. Kati ya miezi mitatu na mitano ya umri uliorekebishwa, mtoto mwenye neva timamu akilala chali huwa na mijongeo midogo midogo isiyokoma ya shingo, kiwiliwili, mikono na miguu, inayokwenda kila upande. Isipokuwepo kabisa, hiyo ni ishara nzito. Mkiombwa kurekodi video nyumbani, mlazeni chali juu ya kitambaa cha rangi moja, mikono na miguu wazi, akiwa macho, ametulia na ameshiba. Msimpe kitu cha kuchezea wala chuchu ya bandia, na msimwongeleshe, maana akivutwa na kitu mijongeo hiyo hupotea. Simamisheni simu upande wa miguuni, juu kidogo, mwili wote uonekane, na rekodini kwa dakika tatu hadi tano. Wazazi wengi huona ugumu wa kukaa kimya mbele ya mtoto wao kwa muda huo.

Pale wataalamu wa mijongeo wasipopatikana, daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo anaweza kutumia uchunguzi wa neva wa Hammersmith, wenye vipengele 26 na alama zisizozidi 78, unaofaa kuanzia miezi miwili hadi 24 na unaofanyika kwa dakika chache tu.

Ni dalili zipi ambazo hazipaswi kungoja siku ya kliniki?

Ya kwanza kabisa ni aina ya kifafa ambayo mara nyingi hujitokeza kati ya miezi 3 na 12. Mtoto hujikunja ghafla, kichwa kikaenda mbele na mikono ikarushwa, kwa sekunde moja au mbili, kisha akaachia. Baada ya sekunde chache anarudia, tena na tena, hasa anapoamka usingizini. Watu hudhani ni kushtuka au tumbo linamsokota. Tofauti ni kule kujirudia kwa mfululizo. Rekodini kwa simu na mwende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kila wiki ya kuchelewa tiba inauumiza ubongo.

Nyingine zinazohitaji kuonwa upesi, ingawa si kwa dharura ileile, ni mtoto kupoteza uwezo aliokwisha kuupata, kichwa kukua kwa kasi isiyo ya kawaida, kupaliwa kila anaponyonya, kutofuatilia uso wa mtu wala kutabasamu akiwa na miezi mitatu iliyorekebishwa, viganja kubaki vimefungwa ngumi baada ya miezi minne, na kupendelea mkono mmoja kabla ya kutimiza mwaka. Hii ya mwisho mara nyingi hupokelewa kwa furaha, eti mtoto ameshachagua mkono wake. Katika umri huo bado ni mapema mno kuchagua, na upendeleo huo unaweza kumaanisha kwamba mkono wa pili haufanyi kazi ipasavyo.

Nyumbani tufanye nini kila siku?

Kanuni inayoongoza mengine yote ni kwamba mtoto hujifunza kwa kile anachokianzisha mwenyewe, si kwa kile anachofanyiwa. Kumkunja na kumkunjua miguu kwa dakika ishirini hakumfundishi kupiga teke. Kumpa sababu ya kupiga teke, kwa mfano kitu kinacholia mguu unapokigusa, kunamfundisha.

Anzeni na kazi zilizopo tayari. Mkimfungua nepi, msiharakishe kumfunga nyingine. Ileteni mikono yake katikati ya kifua mpaka iguse, kisha ishusheni iguse magoti, huku mkimtazama usoni kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30. Kisha acheni, mngoje. Mtoto njiti hujibu taratibu, na mlezi mwenye haraka humaliza mchezo kabla mtoto hajaanza kushiriki. Huenda mkahesabu kimyakimya mpaka kumi ndipo mkaona kidole kikisogea au midomo ikijiumba kujibu. Akishafanya jambo hilo, lijibuni kwa sauti na kwa uso, na mngojee tena.

Akiwa macho, mlazeni kifudifudi mara nyingi kwa muda mfupi mfupi, kwanza kifuani mwenu, baadaye kwenye mkeka, huku uso wa mtu au kitu cha kuvutia kikiwa mbele yake ili apate sababu ya kuinua kichwa. Wakati wa kulala, daima alale chali. Kichwa kikipenda kuelekea upande mmoja, badilisheni upande wa kukaa kwenu, mwanga na sauti zitoke upande wa pili. Anapoanza kunyoosha mkono kuchukua kitu, kiwekeni karibu kiasi cha kukifikia kwa juhudi kidogo, na mpunguze msaada kadiri anavyoweza. Mwongelesheni kwa lugha mnayoizungumza nyumbani, kwa sentensi za kawaida.

Jifunzeni pia lugha yake ya kuchoka. Kugeuza uso, kwikwi, chafya mfululizo, vidole kutanda wazi, au rangi ya ngozi kubadilika ni njia za kusema imetosha. Mpeni nafasi atulie. Wingi wa vichocheo si ubora, na mtoto aliyezidiwa hajifunzi kitu.

Je, kumkanda, kumnyoosha au kumweka kwenye kigari cha kujifunzia kutembea kunasaidia?

Kumkanda taratibu kwa upendo hakuna ubaya na humtuliza mtoto, ila kusichukuliwe kuwa ni tiba ya neva. Kumnyoosha kwa nguvu hakufai. Kiti chenye magurudumu ambacho mtoto hukalishwa ili atembee hakiharakishi kutembea, husababisha ajali za kuanguka, na humzoesha kusukuma kwa ncha za vidole, jambo baya hasa kwa mtoto ambaye miguu yake tayari inakaza. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004, na ni vigumu kuona sababu ya kuulinganisha uamuzi huo na ukali uliopitiliza.

Macho na masikio yanaingiaje hapa?

Mtoto asiyeona au asiyesikia vizuri huonekana kama aliyechelewa akili, kumbe hapati taarifa za kutosha. Mishipa ya damu ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huwa haijakomaa kwa mtoto njiti na inaweza kukua vibaya mpaka ikaleta upofu. Ukaguzi wa daktari wa macho hufanyika wiki chache tu baada ya kuzaliwa, na tiba ina muda mfupi wa kufaa, hivyo miadi hiyo isiahirishwe hata kama mtoto anaonekana mzima. Kwa usikivu, lengo linalotumika sana ni uchunguzi wa awali kabla ya mwezi mmoja, uthibitisho kabla ya miezi mitatu, na msaada kuanza kabla ya miezi sita. Manjano makali, homa ya uti wa mgongo na baadhi ya dawa za wodini huongeza hatari ya kupoteza usikivu. Kwa watoto hao, kipimo kimoja kilichotoka salama hakitoshi.

Je, kuna ushahidi kwamba afua hizi zinafanya kazi?

Upo, na una mipaka yake, nayo inafaa kusemwa wazi. Kwa watoto njiti, mapitio ya tafiti yanaonyesha manufaa katika uwezo wa kufikiri hadi umri wa kabla ya shule, na manufaa madogo zaidi katika mijongeo. Mradi mmoja mkubwa wa Marekani ulioanza mwaka 1985 uliwafuatilia watoto 985 waliozaliwa njiti wakiwa na uzito pungufu. Waliopata msaada walifanya vizuri zaidi walipofikisha miaka mitatu, ila miaka ilivyosonga tofauti hiyo ilibaki kwa wale waliozaliwa na uzito mkubwa kidogo, si kwa wadogo kabisa. Maana yake, kwa mtoto aliyezaliwa mdogo sana miaka mitatu ya msaada inaweza isitoshe.

Upande wa pili kuna Jamaika, ambako kati ya mwaka 1986 na 1987 watoto 129 waliodumaa waliandikishwa katika utafiti mjini Kingston. Wahudumu wa jamii, wasio wataalamu, waliwatembelea baadhi yao kwa saa moja kila wiki kwa miaka miwili, wakiwaonyesha mama namna ya kucheza na watoto kwa vifaa vilivyotengenezwa nyumbani. Miaka ishirini baadaye, waliotembelewa walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa takriban asilimia 25 kuliko wenzao. Watoto hao walikuwa waliodumaa, si njiti. Hata hivyo, matokeo yao yanawajibu wanaoamini kwamba bila mashine na mabingwa hakuna linalowezekana.

Mama amechoka na hana furaha. Hilo nalo linahusika?

Linahusika moja kwa moja. Sonona ni ya kawaida zaidi kwa mama waliojifungua njiti, na baba pia hawako salama. Mtu aliyezama katika huzuni hana nguvu ya kungoja jibu la mtoto na kulijibu, na huo ndio moyo wa kazi yote. Usingizi ukikosekana hata mtoto anapolala, machozi yasipokoma baada ya wiki mbili, au mawazo ya kujidhuru yakijitokeza, atafutiwe tiba kama ambavyo mtoto angetafutiwa. Mhudumu anayemuuliza mama kuhusu uzito wa mtoto bila kumuuliza habari zake mwenyewe amefanya nusu ya kazi.

Mtoto wetu tayari ana miezi 18. Tumechelewa?

Hapana. Ubongo wa umri huo bado unajengeka kwa kasi. Ombeni tathmini sasa, na msipoteze muda kutafuta wa kulaumiwa.

Ufuatiliaji unakoma lini?

Kliniki nyingi humwachia mtoto akifikisha miaka miwili, akiwa anatembea na kusema maneno kadhaa. Kwa aliyezaliwa chini ya wiki 32 ni mapema mno. Matatizo ya umakini, hesabu, uratibu wa mikono na urafiki na wenzake hujitokeza anapoanza shule, wakati ambapo hakuna tena anayekumbuka kwamba aliwahi kulazwa wodi ya watoto wachanga. Mwambieni mwalimu historia hiyo tangu siku ya kuandikishwa, ombeni tathmini nyingine kabla ya darasa la kwanza, na hifadhini karatasi za hospitali, kwa kuwa daktari atakayemwona akiwa na miaka saba atauliza alizaliwa wiki ya ngapi, ultrasaundi ya kichwa ilionyesha nini, na kama masikio yalipimwa.